Ukistaafu utaishi wapi: Kwanza, Kitale mjini au nyumbani Bungoma?

BARUA ya kukuarifu kwamba unastaafu haiji ghafla. Tarehe yako ya kuzaliwa imo kwenye faili ya mwajiri tangu siku uliyoripoti kazini, na tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoongeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, kila mtumishi wa umma anaweza kuhesabu muda uliomsalia. Hata hivyo wengi huipokea barua hiyo kama wanaopokea habari za msiba. Swali linalowajia kwanza huwa la pesa. Lile ambalo lingefaa kutangulia ni hili: utaishi wapi?

Huenda ukashangaa, ndugu msomaji, mambo ya ploti na mashamba yanaingiaje katika ukurasa wa afya. Yanaingia kwa mlango mkubwa. Mahali utakapoishi baada ya umri wa miaka 60 ndipo patakapoamua kama dawa zako za presha zitapatikana, kama utafika hospitalini usiku wa manane ukiwa bado hai, utatembea kiasi gani kwa siku na utazungumza na nani jioni.

Tumfikirie mtu ambaye wasomaji wa Kitale na Bungoma watamtambua mara moja. Amefundisha Nairobi kwa miaka 30. Alizaliwa upande wa Chwele, Bungoma, ambako marehemu babake aliwaachia wana watano ekari tatu. Miaka ya tisini alinunua ekari mbili Kwanza, katika Trans Nzoia, kama walivyofanya watu wengi wa Bungoma tangu mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa baada ya uhuru. Mkewe angependa wapange nyumba Kitale mjini, karibu na hospitali na kanisa. Watoto wako Nairobi na mmoja Qatar. Kila mmoja ana maoni yake kwenye simu, na hakuna hata mmoja atakayekuja kuishi nao.

Mtu huyu afanye nini?

Kabla ya kumjibu, tupige hesabu yake, maana wasiwasi wa pesa hupandisha presha kuliko chumvi. Chini ya Sheria ya Pensheni, mtumishi aliyebaki katika mpango wa zamani huhesabiwa hivi: mshahara wake wa msingi wa mwaka huzidishwa kwa idadi ya miezi aliyofanya kazi, kisha jumla hugawanywa kwa 480. Tuseme mwalimu wetu alikuwa na mshahara wa msingi wa Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000 kwa mwaka, na alitumikia miezi 360. Pensheni yake ni Sh540,000 kwa mwaka. Akiamua kubadilisha robo yake ili apate malipo ya mkupuo, Sh135,000 huzidishwa mara 20 na anapokea Sh2.7 milioni. Kinachobaki ni Sh33,750 kwa mwezi. (Walioingizwa katika mpango mpya wa kuchangia ulioanza Januari 2021 wana hesabu nyingine, na waiulizie mapema.)

Milioni mbili na laki saba! Kwa mtu aliyezoea payslip, hizo ni pesa nyingi mno, na hapo ndipo mabroka wa ardhi, wauzaji wa matrekta makuukuu na jamaa ambao hakuwajua hugundua njia ya kufika kwake. Wapo wanaojenga jumba la vyumba saba nyumbani ili kijiji kijue kwamba mtu alikuwa Nairobi. Sioni busara yake. Nyumba ile hukaliwa na wazee wawili wanaotumia chumba kimoja na jikoni, huku pesa za matibabu zikiwa zimegeuka matofali.

Shamba la Kwanza nalo halitamwokoa kama anavyodhani. Trans Nzoia ina sifa ya mahindi, na sifa hiyo ni ya haki. Mbegu za Kenya Seed zilianzia hapo Kitale mwaka wa 1956. Lakini mahindi ya huko huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Unapanda Machi au Aprili, unavuna Oktoba na Novemba, wakati ambapo kila jirani naye anauza na bei imelala. Tuseme apate magunia 20 kwa kila ekari na auze kwa Sh3,500 gunia. Hiyo ni Sh140,000 kwa mwaka, yaani chini ya Sh12,000 kwa mwezi, kabla hajatoa gharama ya mbegu, mbolea, kulima, kupalilia na kupukuchua. Na viwavijeshi vilivyoingia nchini mwaka wa 2017 havina huruma na mstaafu. Shamba ni chakula, ni mazoezi na ni heshima. Mshahara wa pili si hilo.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe.

Wengi husema "narudi nyumbani" kana kwamba mwili nao unakumbuka nyumbani. Ukweli ni kwamba unasahau. Bungoma ni sehemu ya ukanda wa ziwa ambako malaria huwapo mwaka mzima. Mtu aliyekulia huko alijijengea kinga kiasi kwa kuugua mara kwa mara utotoni, lakini kinga hiyo hupungua akiishi muda mrefu mahali kama Nairobi ambako malaria ni haba. Akirudi akiwa na miaka 60, mbu humkuta karibu kama mgeni. Ndiyo sababu ndugu aliyebaki kijijini huugua siku mbili na kurejea shambani, na yule wa Nairobi hulazwa. Kwa hivyo chandarua chenye dawa ni cha kila usiku, si cha wajukuu wanapokuja Desemba pekee. Na homa yoyote ipimwe damu siku hiyo hiyo. Usimeze dawa kwa kukisia.

Kwanza na Kitale ziko juu zaidi. Kitale iko karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, ilhali Bungoma ni karibu mita 1,400. Malaria huko hutokea kwa vipindi, hasa baada ya mvua, na kwa sababu watu wengi hawana kinga, ikizuka huumiza wakubwa kwa wadogo. Kinachosumbua zaidi ni baridi, ile inayoshuka kutoka Mlima Elgon mwezi Julai. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, na viungo vyenye maumivu huuma zaidi. Mzee huwasha jiko la makaa na kuliingiza chumbani, anafunga dirisha na kulala. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini bila kujua kilichowapata. Lala na blanketi mbili na soksi, jiko libaki nje! Moshi wa kuni katika jikoni isiyo na dirisha nao huharibu mapafu polepole, na mara nyingi anayeupata ni mama.

Jambo ambalo ningelipima kwanza kabla ya kumwaga msingi ni umbali wa kufika hospitalini. Lipime kwa saa, usihesabu kilomita. Kodi gari wakati wa mvua, usiku, uone kutoka shambani hadi Kitale inachukua dakika ngapi. Uliza ni nani mwenye gari hapo kijijini na kama hupokea simu saa tisa za usiku. Bodaboda itambeba mgonjwa wa kikohozi. Mtu aliyepooza upande mmoja haketi kwenye bodaboda. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakianza kukwama ghafla, hicho ni kiharusi, na saa chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena. Huu si wakati wa kumwita mkandaji wala wa kungoja kupambazuke. Kitale ina hospitali ya rufaa iliyopewa jina la Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefariki mwaka wa 2003. Likizidi, kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale. Aliye Bungoma ana hospitali ya rufaa ya kaunti mjini humo. Mwenye kisukari, figo au moyo uliokwisha kulalamika asijifiche ndani kabisa ya mashamba eti kwa sababu hewa ni safi. Hapo namuunga mkono yule mama anayetaka Kitale mjini.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waliosoma. Ulipokuwa kazini, mchango wa bima ya afya ulikatwa kwenye mshahara bila wewe kuuliza. Mshahara ukikoma, makato nayo yanakoma. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake. Usidhani jina lako kuwamo kwenye orodha kunatosha. Hakikisha umekadiriwa, umelipa na mkeo ameandikishwa, ili usije ukagundua kasoro ukiwa mlangoni mwa wodi. Beba pia nakala za rekodi zako za kliniki kutoka Nairobi. Daktari mpya hawezi kukisia ni dawa gani ilikuvimbisha miguu miaka minne iliyopita.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema kwa ufupi. Iwe ndogo, isiwe na ngazi, na choo kiwe ndani au hatua chache kutoka mlangoni, chenye taa. Choo cha shimo cha kuchuchumaa ni adui wa magoti. Fundi yeyote atakutengenezea kiti cha saruji na mhimili wa kushikilia ukutani. Sakafu iliyong'arishwa ikapendeza wageni ndiyo inayovunja nyonga mvua ikiingia na viatu. Kisima kiwe mbali na choo, mita 30 au zaidi, na upande wa juu wa mteremko.

Halafu kuna upweke, ambao hauonekani kwenye picha ya X-ray. Mwalimu aliyeamkiwa na watoto mia tano kila asubuhi anajikuta Kwanza akiamkiwa na ng'ombe. Majirani wanamheshimu mno kiasi cha kutopiga naye soga. Wiki mbili za mwanzo anapumzika. Mwezi wa tatu anaanza kufika sokoni saa nne asubuhi, na wapo watakaomkaribisha kwenye busaa, au kitu kikali kuliko busaa, mradi analipa yeye. Familia husema mzee amebadilika tabia. Mara nyingi ni huzuni, nayo ni ugonjwa unaotibika kama mwingine wowote. Dalili zake ni kukosa usingizi, kutopenda chakula, hasira ndogo ndogo na kukataa kutoka nje. Mstaafu mwenye jambo linalomtoa nyumbani kwa saa maalum, liwe kwaya, bodi ya shule, chama cha maziwa au kufundisha watoto wa jirani hesabu, huchelewa kufika huko. Na akienda kwa miguu, nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, atakuwa ametimiza dakika 150 ambazo madaktari hupendekeza.

Lazima tuseme pia lile ambalo watu wa Trans Nzoia hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka wa 1991 na 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilikimbia mashamba yao katika eneo hili. Upande wa Bungoma nako, karibu na Mlima Elgon, watu waliteseka kati ya 2006 na 2008. Mengi yametulia tangu hapo, na majirani wanazikana na kuoleana. Lakini ndiyo sababu wazee wengi wenye shamba Kwanza hawakuuza kile kipande chao kidogo cha Bungoma, na siwalaumu. Hata kama ni robo ekari yenye migomba na kaburi la baba, kiache.

Ushauri wangu kwa mwalimu wetu ni kwamba asijenge mwaka wa kwanza. Apange nyumba ya vyumba viwili Kitale, pensheni yake itatosha, na aende Kwanza asubuhi na kurudi jioni kwa msimu mmoja mzima, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Apitie Julai na baridi yake. Aende Bungoma mwisho wa mwezi akalale huko, chini ya chandarua. Mwaka ukiisha, magoti yake, presha yake na mkewe watakuwa wamekwisha toa uamuzi.

Wakifika hapo, bado kuna mazungumzo ambayo wanaume huyakwepa. Kwa kawaida mke huishi kuliko mumewe. Basi kabla hujamlipa fundi, keti na mama watoto umuulize yeye angependa kubaki wapi ukitangulia: shambani peke yake, au mjini karibu na wenzake? Kisha tazama hati ya shamba. Ikiwa ina jina lako pekee, atalazimika kupitia mahakama ya urithi, huku ndugu zako wakiwa wameketi viti vya mbele. Ikiandikwa majina yenu nyote kwa umiliki wa pamoja, ule ambao mmoja akifa fungu lake humwendea mwenzake, atakachohitaji ni kupeleka cheti cha kifo kwenye ofisi ya ardhi jina lako liondolewe. Shamba la kilimo litahitaji kwanza idhini ya bodi ya ardhi. Uliza bodi hiyo hukutana siku gani, na mwende wote wawili.