Kuenea na Kufaa: Uteuzi wa Matairi ya Uwanjani kwa Gari la Kale la Spoti

Utangulizi

Mnunuzi wa viatu anapoulizwa dukani kama viatu vimemwenea, anaulizwa kuhusu kipimo cha mguu tu. Anapoulizwa kama vinamfaa, swali limepanuka: vinamfaa kwa safari gani, kwa kazi gani na kwa muda gani? Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, -enea na -faa, na tofauti iliyopo baina yavyo ndiyo msingi wa makala haya. Makala yanadhamiria kueleza namna ya kuchagua matairi ya gari la kale la spoti linalopelekwa katika siku ya uwanjani. Siku ya uwanjani ni ile ambayo wenye magari hulipa ada na kuruhusiwa kuyaendesha magari yao kwa kasi katika uwanja wa mashindano, pasi na kushindania tuzo yoyote. Desturi hiyo imeota mizizi Uingereza, Marekani na Japani. Hoja inayotetewa ni kwamba tairi linalolienea gurudumu si lazima liwe linalolifaa gari, na kwamba tairi lenye mshiko mkubwa kuliko yote linaweza kuwa ndilo linaloliangamiza.

Gari la mfano: Datsun 240Z

Ili maelezo yasielee hewani, gari moja litatumiwa kama mfano. Datsun 240Z lilizinduliwa mwaka wa 1969, likiwa na injini ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 2.4 na uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo. Jina lake si geni Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari Rally kwa gari la aina hii mwaka wa 1971, nao Shekhar Mehta na Lofty Drews wakafanya vivyo hivyo mwaka wa 1973.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba ushindi huo ulipatikana katika matope, vumbi na mawe. Njia ya aina hiyo hudai tairi linalochimba ardhi na kustahimili kuchanwa. Uwanja wa lami hudai jambo jingine: gari hupita kona zilezile mara nyingi kwa kasi, mpira ukapata joto jingi na nguvu za pembeni zikawa kubwa. Tairi lililosifika Safari halina sababu ya kusifika uwanjani.

Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na rimu za kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4.5, zikiwa zimevishwa matairi ya upana wa milimita 175. Wahandisi walipanga springi, shokomzoba, usukani na breki kulingana na mshiko wa matairi ya wakati huo. Jambo hili dogo ndilo chanzo cha matatizo yote yatakayoelezwa hapa chini.

Kusoma ubavu wa tairi

Ubavu wa tairi ni matini fupi yenye sarufi yake. Mathalani, tairi lililoandikwa 205/60R15 91V lina upana wa milimita 205. Nambari 60 huonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo. Herufi R hudokeza kwamba nyuzi za ndani zimekatiza tairi moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, muundo ambao kampuni ya Michelin iliupatia hataza mwaka wa 1946. Nambari 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 91 humaanisha kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 615, nayo herufi V kwamba limejengwa kustahimili kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa.

Matairi mengi ya kale hayakuwa na nambari ya pili. Tairi lililoandikwa 175R14 huchukuliwa kuwa na ubavu wenye kimo cha asilimia 80 hadi 82 ya upana wake. Asiyelifahamu hili hulinganisha vipimo visivyolingana, na hapo kosa la kwanza hutendeka.

Kuenea: hesabu na nafasi

Kipenyo kizima cha tairi hupatikana kwa kujumlisha kipenyo cha rimu na mbavu mbili. Tairi la asili la 175R14, ubavu ukichukuliwa kuwa asilimia 82, lina kipenyo cha takriban milimita 643. Tairi la 205/60R15 lina milimita 627. Tofauti ni ndogo: spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari hasa huwa linakwenda takriban 98.

Hali hubadilika dereva akivutiwa na kipimo cha 205/50R15, ambacho hutumiwa sana na magari madogo ya spoti kama Mazda MX-5 na kwa hivyo hupatikana katika aina nyingi za matairi ya uwanjani. Kipenyo chake ni milimita 586 tu. Gari litashuka karibu na ardhi kwa takriban milimita 28, na spidomita ikionyesha 100, kasi halisi itakuwa 91. Faida ipo, kwani gurudumu dogo huongeza wepesi wa kuchapuka. Hasara nayo ipo: injini huzunguka kwa kasi zaidi katika kila giya, na tumbo la gari hukaribia lami.

Fauka ya kipenyo, kuna upana. Rimu ya inchi 4.5 haiwezi kuvishwa tairi la milimita 205. Tairi la 205/60 huhitaji rimu ya takriban inchi 5.5 hadi 7.5. Rimu mpya lazima ikubaliane na boliti 4 zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Tena, katika 240Z kikalio cha springi kiko karibu sana na tairi kwa upande wa ndani, ilhali madigadi ndiyo yanayoweka mpaka wa nje. Fundi makini hulijaribu gurudumu moja kabla ya mengine kununuliwa: hukata usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha huibana springi kana kwamba gari limeangukia shimo, akachunguza kama kuna mahali panapogusana.

Kufaa: mshiko na gharama yake

Tairi likishaenea, swali la pili huanza. Mshiko wa tairi ni kama mtaji mmoja unaotumiwa kwa mahitaji mawili: kufunga breki na kukata kona. Dereva anayeutumia wote kwenye breki hubaki bila chochote cha kukatia kona. Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi mtaji usiongezwe kwa kununua mpira laini kuliko wote?

Jibu ni kwamba nguvu inayotoka kwenye lami haiishii kwenye tairi. Hupitia kwenye rimu, beringi, springi na bodi yenyewe, yaani vyuma ambavyo katika gari hili vimetimiza zaidi ya miaka 50. Katika kona ndefu, oili iliyo chini ya injini husukumwa upande mmoja, na pampu yaweza kuvuta hewa badala ya oili. Injini ikikosa oili kwa sekunde chache tu katika mzunguko wa kasi, beringi zake huweza kuungua. Tairi pana na lenye kunata pia huufanya usukani kuwa mzito, nalo 240Z halikuundwa na usaidizi wowote wa usukani.

Kuna hatari nyingine iliyofichika. Tairi la kale lenye ubavu mrefu huonya kabla ya kuteleza: hulia, hulegea kidogo kidogo, na dereva hupata nafasi ya kujirekebisha. Tairi la kisasa la uwanjani lenye ubavu mfupi na mgumu hushika hadi kasi kubwa zaidi, kisha aghalabu huachia kwa ghafla. Kosa ambalo lingetokea polepole hutokea sasa kwa kasi, katika gari lisilo na mifuko ya hewa wala breki zinazojizuia kukwama.

Nambari ya uvumilivu wa mpira, inayoandikwa ubavuni kwenye matairi yanayouzwa Marekani, husaidia uteuzi. Tairi la kawaida la barabarani huwa na 300 au zaidi. Yale ya uwanjani yanayoruhusiwa barabarani huwa 200 au chini ya hapo, na yaliyo laini kabisa huwa chini ya 100. Kila kampuni hujipimia yenyewe, hivyo nambari hizi ni dira tu. Kwa gari la kale ambalo springi na mfumo wake wa oili haujaimarishwa, kiwango cha 200 ni kikomo cha busara. Aliye mgeni uwanjani hujifunza zaidi kwa tairi jema la barabarani.

Umri na hewa

Gari la kale huendeshwa kwa nadra, hivyo matairi yake huzeeka kabla ya kuwa vipara. Tangu mwaka wa 2000, tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2419 ni juma la 24 la mwaka wa 2019. Mpira mkongwe hukauka na kupasuka hata kama mifereji yake ingali mirefu.

Hewa nayo huongezeka shinikizo kadiri joto linavyopanda, takriban baa 0.1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, shinikizo hupimwa upya mara gari linapotoka uwanjani, kabla halijapoa. Kipimajoto huweza kutumiwa pia katika sehemu tatu za uso wa tairi: katikati pakiwa na joto kupita kingo zote mbili, hewa imezidi, kingo zikiwa na joto kupita katikati, hewa imepungua.

Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba uteuzi wa tairi huanzia kwenye gari na kuishia kwenye tairi, wala si kinyume chake. Kwanza huchunguzwa uzima wa vyuma na uzoefu wa dereva; pili, kipenyo, upana na nafasi; tatu, uzito na kasi vinavyostahimiliwa; kisha ndipo ulaini wa mpira huzungumziwa. Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ya tairi ni kona ya mwisho wa siku, mpira ukiwa umepata moto na dereva akiwa amechoka. Linaloonya hapo, hata likiwa na mshiko mdogo kuliko mengine, ndilo lililolifaa gari.