Ananipenda na magongo yangu, je na deni la bumu?

Mwenye deni la vitenge unaweza kumkwepa kwa kupita njia nyingine. Deni la bumu linakufuata mpaka kwenye slipu ya mshahara.

Mimi ni mwalimu hapa Katesh, Hanang. Polio ilinipooza mguu nikiwa mtoto. Mwaka 2006 niliingia chuo kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ikiwa imeanza kazi mwaka mmoja tu nyuma. Kwenye kuomba, wenye ulemavu tuna kipaumbele. Kwenye kurejesha, wapi! Mwenye miguu miwili na mimi tunakatwa sawa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka 8 baada ya sheria kurekebishwa 2016. Kwa msingi wa sh. 700,000 zinaondoka 105,000. Hapo sijanunua mipira ya magongo, ambayo kokoto za huku zinaitafuna kama njugu, wala sijamlipa bodaboda. Mwenzangu anatembea bure.

Halafu kuna mwajiri wangu wa kwanza, shule moja ya binafsi, jina naliweka kapuni. Walinikata kila mwezi, Bodi haikuona hata senti, wakati sheria inamtaka mwajiri akate na awasilishe. Naingia serikalini, nakuta deni limenona: faini ya asilimia 10, na ile asilimia 6 ya kulinda thamani. Rais Samia alitangaza kuifuta hiyo 6 siku ya Mei Mosi 2021, na faini nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Nilipumua, ingawa mkopo wenyewe uko palepale.

Mchumba nilimpa taarifa ya deni kabla ya posa, aisome mwenyewe. Alinyamaza siku mbili, jamani, moyo wangu! Siku ya tatu shangazi yake akauliza, "Mwanetu anaoa mke au anaoa deni?" Magongo nimezoea kusemwa. Hili liliniuma kwa sababu lilikuwa na hesabu ndani yake.

Akajibu yeye: "Shangazi, hata trekta mnalolimia ni la mkopo, tena halijasoma."

Tulifunga ndoa 2022, bila ukumbi.

Dada, kaka, kama yamekukuta, omba taarifa ya deni, ilinganishe na slipu zako mwezi kwa mwezi. Usimpe mtu fedha mkononi. Bodi hulipwa kwa kontroo namba. Na slipu zitunze kama cheti cha kuzaliwa. Zangu zilikuwa kwenye begi juu ya kabati Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka mjini. Mume alinibeba mgongoni, mimi nikambeba mtoto na begi. Magongo yalikwenda na tope. Majirani wengine hatukuwapata tena, na kwa wiki kadhaa sikukumbuka hata kama nina deni.

Miezi ile ya shule bado naidai iingizwe. Likizo ikianza tunapanda basi la Arusha, ofisi ya kanda, faili analibeba yeye.