Stata au Demarere: Istilahi na Uchunguzi wa Hitilafu katika Injini Kuukuu ya Boti

1.0 Utangulizi

Sake, katika eneo la Masisi, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu. Upande wa magharibi, mto Lowa hupita Walikale ukielekea Lualaba. Mwaka 2024 vita vilipoifunga barabara ya Goma hadi Minova ipitayo Sake, wasafiri wengi walihamia majini. Boti ambayo injini yake imekataa kuwaka katikati ya maji huachwa chini ya amri ya upepo. Hivyo basi, fundi na nahodha hawana budi kuelewana upesi. Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu ya stata inavyochunguzwa, na jinsi istilahi zinavyosaidia au kukwaza uchunguzi huo.

2.0 Istilahi za Karakana

Fundi aliyejifunza kazi Mombasa husema stata. Wa Masisi husema demarere, kutoka Kifaransa. Neno la Kifaransa démarrer hapo asili lilikuwa la mabaharia, likiwa na maana ya kufungua kamba za chombo. Kwa hiyo, linapotumika botini, limerudi nyumbani.

Vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya stata Kiingereza huviita kwa umbo, yaani brashi. Kifaransa huviita kwa mali yake, yaani makaa. Tofauti hiyo haina madhara. Yenye madhara ni athi, neno lililotoka katika Kiingereza likiwa na maana ya ardhi. Mwanafunzi huweza kudhani kwamba umeme huishia udongoni, ilhali botini hakuna udongo. Masi ya Kifaransa hudokeza ukweli vizuri zaidi: umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha injini yenyewe. Ndiyo maana waya wa hasi uliolegea au kushika kutu huizima stata iliyo nzima.

3.0 Tanakali za Sauti kama Ushahidi

Kabla ya kufungua nati yoyote, fundi humtaka nahodha aigize sauti aliyoisikia. Hapa tanakali huwa kipimo.

(a) Kimya: betri imekufa, fyuzi imekatika, swichi ya ufunguo ni mbovu, au gia haiko huru. Injini nyingi za boti huzuia stata gia ikiwa imeingia.

(b) Tak-tak-tak: umeme upo lakini hautoshi. Betri ni dhaifu au viungo vya waya ni vichafu.

(c) Tak! mara moja: swichi ya sumaku imevuta, lakini vikanyagio vyake vimeungua, brashi zimekwisha, au injini imekwama. Maji yakiwa yameingia katika silinda, kulazimisha huweza kupinda mkono wa pistoni.

(d) Vuuu: stata inazunguka peke yake, gia yake ndogo haishiki meno ya gurudumu zito la injini.

Baada ya kusikia, fundi hupima. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 stata inapozungusha injini, betri ni dhaifu, au stata inakula umeme kupita kiasi. Ikibaki juu huku stata ikienda polepole, umeme unapotelea katika waya, viungo au brashi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, mvuke wa petroli utolewe kabla ya jaribio lolote, kwani cheche moja huweza kulipua boti. Pili, stata isibanwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipewe dakika 2 ipoe.

4.0 Hitimisho

Mwaka 1990 TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Msamiati wa karakana za Kivu unastahili kukusanywa kwa uangalifu kama huo. Pasipo haja ya kufuta demarere ili stata itawale, mwongozo wa fundi uyaandike maneno yote mawili bega kwa bega, na athi ifafanuliwe. Anayepeperuka ziwani hana wasaa wa kutafuta tafsiri.