Karibu Kwenye Kompyuta Huria: Utangulizi

Uwanja ninaokukaribisha kuuingia umejengwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hakuna aliyewalipa kuujenga. Walirudi kutoka kazini jioni, wakala, wakakaa mezani na bisibisi na chuma cha kulehemu, wakaunganisha kompyuta ambayo hakuna aliyewaagiza. Wengi waliishia hapo: mashine ikawaka, mwenyewe akafurahi, basi. Lakini wapo walioendelea. Waliandika walichofanya, wakachora njia za nyaya, wakampa jirani karatasi akajaribu naye. Hao ndio tutakaowafuata. Mashine zao nyingi zimeshaingia makumbusho, ila tabia yao ya kumfungulia mwenzako kasha aone ndani imedumu tangu miaka ya 1970 hadi leo, na hiyo ndiyo inayohitaji kuelezwa na mtaalamu.

Tuanzie Januari 1975. Jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitoa kwenye jalada lake picha ya Altair 8800, kompyuta ya kampuni ndogo ya MITS ya mjini Albuquerque. Iliuzwa kwa chini ya dola 400 ikiwa vipande vitupu, mnunuzi akaunganishe mwenyewe. Akishamaliza, mbele yake palikuwa na kasha lenye safu za swichi na taa ndogo nyekundu. Haikuwa na kibodi wala skrini, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, nafasi isiyotosha hata kuhifadhi herufi za aya hii. Kuiandikia programu maana yake ilikuwa kupandisha na kushusha swichi kwa kidole, amri moja baada ya nyingine, bila kukosea.

Tarehe 5 Machi mwaka huohuo, watu waliovutiwa na mashine hiyo walikutana katika banda la kuegeshea gari nyumbani kwa Gordon French, Menlo Park, California. Kundi hilo likaja kujulikana kama Homebrew Computer Club. Mkutano wao mmoja wa mwezi Aprili nauona kuwa mlango mzuri wa somo zima. Steve Dompier alileta Altair yake, akaweka redio ndogo kando yake, akaanza kuingiza programu kwa swichi. Kazi ilikuwa ndefu. Kabla hajafika mbali mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, mashine ikazimika, na yote aliyoingiza yakapotea, kwa sababu kumbukumbu ile haikushika kitu umeme ukikatika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio ikaanza kupiga wimbo wa The Beatles.

Altair haikuwa na kipaza sauti. Dompier alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi huvujisha mawimbi yanayoingilia redio iliyo karibu, na kwamba programu inayozunguka haraka hutoa mlio tofauti na ile inayozunguka polepole. Akatafuta, kwa kujaribu na kurudia, mzunguko unaolingana na kila noti. Kasoro ya mashine ikawa ala ya muziki. Wenzake walishangilia kwa sababu kila mmoja wao alijua ugumu wa swichi zile. Kisha Dompier akafanya lile lililo muhimu kwetu: akachapisha maelezo, ili mwenye Altair yoyote aweze kupiga wimbo wake.

Ugomvi wa kwanza wa uwanja huu ulifuata upesi. Kijana Bill Gates na wenzake walikuwa wameandika programu ya lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair, ikauzwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe mmoja ukawafikia wanachama wa klabu, ukanakiliwa, na waliochukua nakala wakatakiwa warudi na nakala zaidi za kuwapa wengine. Februari 1976 Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi. Aliwaambia wanaiba, na akauliza ni nani atakayeweza kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo.

Wanafunzi wangu hupenda kuchagua upande mara tu wanaposikia kisa hiki, nami huwazuia. Gates alikuwa na hoja kuhusu jasho la mwandishi wa programu, na anayepuuza hoja hiyo hatauelewa uchovu nitakaoueleza mbele. Alipokosea ni katika kudhani kwamba bila bei hakutakuwa na kazi nzuri. Wakati huohuo Dennis Allison wa Stanford na wenzake walikuwa wametoa mpango wa BASIC ndogo iliyoitwa Tiny BASIC, wakauchapisha, na watu wa sehemu mbalimbali wakauandikia programu kwa mashine zao. Mmoja wao, Tom Pittman, aliiuza yake kwa dola 5. Kwa bei hiyo, kununua kulikuwa rahisi kuliko kunakili. Katika klabu hiyohiyo Steve Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta ambayo mwaka 1976 ilianza kuuzwa kwa jina la Apple I. Biashara na ugawaji vilikaa chumba kimoja tangu mwanzo, na mtafiti anayeandika historia ya upande mmoja tu anawadhulumu watu hawa.

Kugawa kwa nia njema kuna udhaifu wake: anayekuja baada yako anaweza kuchukua kazi yako, akaibadilisha kidogo, akaifungia ndani. Aliyelitafutia jambo hili dawa ya kisheria ni Richard Stallman wa chuo cha MIT. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Ubunifu wake ni kwamba inatumia hakimiliki yenyewe kuulinda uwazi: unaruhusiwa kufanya upendavyo na programu, ila ukiisambaza, uliyempa lazima apate msimbo wake na haki zilezile ulizopata wewe. Mimi naihesabu leseni hii miongoni mwa maandishi ya kisheria yaliyokuwa na athari kubwa zaidi katika karne iliyopita, na ningependa vitivo vyetu vya sheria viisomeshe kwa uzito huo.

Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya GPL. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android, na tangu 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zinaendeshwa nacho. Simu ya muuza nyanya wa sokoni na mashine kubwa ya kutabiri hali ya hewa zina asili moja katika chumba cha mwanafunzi.

Vifaa vyenyewe vilichelewa kufuata njia hiyo, kwa sababu bodi ya saketi haitumwi kwa waya kama programu. Badiliko kubwa lilitokea Ivrea, mji wa kaskazini mwa Italia uliojulikana kwa mashine za kuandikia za Olivetti. Mwaka 2005 Massimo Banzi na wenzake walitoa Arduino, bodi ndogo ya bei nafuu iliyolengwa kwa wanafunzi wa usanifu wasiojua umeme. Walijenga juu ya Wiring, kazi ya Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia. Barragán alichapisha masimulizi yake mwenyewe mwaka 2016, na anayetaka kujua jinsi sifa zinavyogawanywa katika kazi ya pamoja ayasome kabla ya kusoma historia nyingine yoyote ya bodi hii.

Zoezi la kwanza la Arduino ni kuwasha na kuzima taa ndogo iliyo kwenye pini namba 13. Programu ina mistari michache: washa, ngoja milisekunde 1000, zima, ngoja milisekunde 1000, rudia. Ukibadilisha 1000 kuwa 100, taa inapepesa haraka. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakitabasamu hapo kama watoto. Ni mara ya kwanza mashine imetii sentensi yao. Kutoka hapo, kupima unyevu wa udongo na kuamuru pampu ya bustani iwake ni safari ya siku chache. Michoro ya bodi imechapishwa, hivyo viwanda vya China vinaitengeneza kihalali na kuiuza kwa bei ya chini, mradi tu visitumie jina la Arduino. Bodi hizo ndizo utakazozikuta mara nyingi katika maduka yetu. Kumbuka pia kwamba si kila kinachopendwa na jamii hii kiko wazi kabisa. Raspberry Pi, kompyuta iliyotoka Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa bei ya dola 35, huendesha Linux lakini imebeba sehemu ambazo mtengenezaji hakuzifungua.

Sasa ule uchovu nilioahidi kuueleza. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alikuwa akipima kasi ya programu yake, akaona kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kwa njia iitwayo SSH, kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika Linux karibu kila mahali. Aliyeuweka alitumia jina la bandia, na alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa kutuma marekebisho mazuri. Alipata nafasi kwa sababu xz ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, aliyekuwa amekwisha kusema hadharani kwamba amelemewa. Dunia nzima ilikuwa imeegemea jioni za mtu huyo bila kumuuliza hali. Hili ndilo swali zito kuliko yote katika uwanja wetu: nani atunze kitu ambacho wote wanakitumia? Majibu yaliyopo hayatoshi, na ningefurahi kuona vijana wakilifanyia utafiti.

Afrika Mashariki si mgeni hapa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, jambo lililowezekana kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi. Programu ya Ushahidi iliandikwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, na miaka miwili baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam waliingia mitaa inayofurika wakachora mitaro na nyumba kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Na wapo mafundi wa simu wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambao ujuzi wao humfikia mwanagenzi aliyekaa karibu, akitazama mkono. Ujuzi huo ni mkubwa, na sehemu kubwa yake haijaandikwa. Fundi ana sababu ya kutoandika, maana ndio riziki yake. Kwa hiyo tusimwendee na mahubiri ya uwazi. Tumwendee na swali la Gates: akishatoa anachokijua, atakula nini? Pittman na dola zake 5 ni mfano mmoja wa kuanzia mazungumzo hayo.

Usianze kwa kusoma tu. Tafuta bodi moja, taa moja na mwenzako mmoja wa kukaa naye. Ikigoma, andika ilivyogoma. Ikiwaka, andika ulivyoiwasha, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kijana wa kidato cha pili, pamoja na mchoro wa nyaya na bei ulizolipa. Kisha mpe mtu mwingine maandishi hayo ajaribu bila msaada wako, na pale atakapokwama, yarekebishe.