Buti la Mlimani Hupimwa kwa Kuteremka

Juma hili nimeona tuzungumzie viatu. Sina maana ya viatu vya kwendea harusini, la hasha, bali mabuti ya kupandia mlima, na hasa mabuti ya wale wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa kutafuta riziki: waongoza watalii, wapishi na wapagazi, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Mtalii akichagua buti baya hupoteza likizo yake. Mgumu akichagua buti baya hurudi nyumbani na kucha zilizovia damu, hukaa chini majuma mawili au matatu wakati msimu umepamba moto, na nafasi yake katika safari hupewa mwingine. Na anayekaa nyumbani halipwi.

Aghalabu mabuti hayo hununuliwa mitumba. Ukifika soko la Memorial pale Moshi utayakuta yamepangwa, yamepigwa dawa yanang'aa, na mnunuzi akiinama huuliza mambo mawili tu, namba na bei. Bei ni mapatano baina yake na muuzaji, sitaiingilia. Namba ndiyo inayowapotosha wengi.

Namba iliyoandikwa ndani ya kiatu haipimi mguu wako. Inapima kalibu, yaani ule mguu wa mti au wa plastiki ambao kiatu kiliundwa juu yake kiwandani. Kwa hesabu ya nchi nyingi za Ulaya, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kalibu ya namba 42 ina urefu wa sentimita 28. Kwa hesabu ya Waingereza, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8 na nusu. Wamarekani nao wanaanzia mahali pao, hata kiatu cha kiume ambacho Mwingereza hukiita 8, Mmarekani hukiita 9, na Mfaransa hukiita 42 au karibu na hapo. Sasa changanya viatu vya mataifa yote hayo katika rundo moja, halafu aje kijana aseme, "Mimi navaa nane." Hajasema kitu.

Dawa yake ni kuupima mguu wenyewe. Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegota ukutani, kisha mwenzio atie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa watu wengine ni cha pili, si kidole gumba. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana, na ufuate ule mkubwa. Tena upime ukiwa umebeba mzigo. Kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 za maji barabara. Mwombe mwenzio akutwishe. Majirani watacheka, lakini mguu uliobebeshwa mzigo hutandaa: upinde wa wayo hushuka, mguu ukarefuka na kupanuka, na mguu huo ndio utakaoingia katika buti kule juu, si ule uliopumzika sebuleni.

Tuseme umepata sentimita 26 na nusu. Ongeza moja na nusu ya nafasi mbele ya vidole, utapata 28, yaani namba 42 ya Ulaya. Hapo ni pa kuanzia kutafuta tu.

Upana ni mtihani mwingine, na kwa watu wetu ni mgumu kuliko urefu. Mtu aliyekua akitembea peku mguu wake huwa mpana upande wa vidole, na vidole vyenyewe vimeachana kama ilivyo desturi yake Mungu. Kalibu nyingi za Ulaya hazikukusudiwa mguu wa namna hiyo. Ndiyo maana unamwona kijana amechukua buti refu kupita kiasi ili apate upana, na kisigino kinaogelea nyuma. Ipo njia rahisi ya kulijua jambo hili kabla hujalipia. Chomoa ile soli nyepesi ya ndani, iweke chini, uikanyage. Mguu ukimwagika pembeni kwa pande mbili, buti hilo litakubana, na muuzaji asikuambie kwamba ngozi itafunguka. Ngozi hulegea kidogo, ni kweli, lakini haiongezeki kidole kizima, na mabuti ya siku hizi yenye mpira mgumu kuzunguka ncha hayalegei kabisa mahali hapo.

Ukiridhika na upana, vaa soksi zile zile utakazopanda nazo, ingiza mguu bila kufunga kamba, usukume mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kipite bila kulazimisha. Kikipita kimoja, vizuri. Vikipita viwili, buti ni kubwa. Kisha rudisha kisigino nyuma, funga kamba, utembee. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana si kitu, lakini kikipanda na kushuka kila hatua, tayari una lengelenge, bado tu halijatokea. Malengelenge huletwa na msuguano pamoja na joto na unyevu, na soksi za pamba huongeza balaa kwa sababu hunywa jasho na kulihifadhi. Za sufu ni bora zaidi, hata zikiwa kuukuu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanunuzi tisa katika kumi hawalijaribu. Watu hudhani buti hupimwa kwa kupanda. Kupanda huchosha mapafu. Kuteremka ndiko kunakoua vidole. Itazame njia ya Marangu. Kikundi hulala Kibo, mita 4,720 juu ya bahari, kikaondoka usiku wa manane. Mwongozaji akifikisha mgeni wake kileleni Uhuru, mita 5,895, hana ruhusa ya kulala hapo. Hugeuka, akateremka kwenye changarawe, akapita Kibo, na siku hiyo hiyo akafika Horombo, mita 3,720. Ni mteremko wa mita 2,175 kwa siku moja, baada ya usiku usio na usingizi. Mpagazi aliyebaki Kibo naye huteremka mita 1,000, tena na mzigo. Kila hatua mguu huteleza mbele ndani ya buti, na kama ncha inagusa, kidole gumba hugongwa maelfu ya mara kama msumari. Kucha huwa nyeusi, kisha hung'oka.

Kwa hiyo ukiwa sokoni tafuta ngazi, au ukingo wa mtaro, au ubao uliolazwa juu ya tofali. Simama uso ukitazama chini, pigapiga mguu kwa nguvu mara kumi. Kidole kikigusa mbele hata mara moja, lirudishe buti hilo, hata kama ni zuri kiasi gani na hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Muuzaji mjuzi atakugeuzia soli akuoneshe alama ya manjano yenye pembe nane, imeandikwa Vibram. Jina hilo lina historia ya msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa katika milima ya Alps nchini Italia, na viatu visivyofaa vikatajwa miongoni mwa sababu. Zama hizo mabuti ya mlimani yalikuwa na soli ya ngozi iliyopigiliwa misumari ya chuma, ambayo ilipitisha baridi moja kwa moja mpaka mguuni. Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano aliyekuwa rafiki wa marehemu hao, akabuni soli ya mpira yenye meno, na hadi leo jina la soli hiyo limetokana na jina lake. Ni soli nzuri, siibezi. Lakini alama ile inazungumzia mpira unaogusa ardhi tu. Haikuambii kama buti litakuenea, wala haikuambii kilichopo juu ya mpira huo.

Na hapo juu yake ndipo penye hatari kubwa ya mitumba. Mabuti mengi yana soli ya kati ya povu gumu liitwalo poliurethani, ambalo hupunguza mshindo wa hatua. Povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewa, hata buti likiwa limekaa kabatini bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa hugeuka kuwa kama biskuti iliyolowa. Buti la namna hiyo hupendeza kwa macho, kwa sababu mwenye nalo wa kwanza alilivaa mara mbili akaliweka, na ngozi yake bado mpya. Mvaaji wa pili hulipanda nalo mlima, na siku ya pili au ya tatu soli yote hubanduka kipande kimoja, au hupukutika unga njiani. Watu wengi wamemaliza safari soli zikiwa zimefungwa kwa kamba za hema.

Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, kisha likunje buti kwa nguvu mahali vidole vinapokunjia. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, au unga, au ukihisi povu linanata, liache. Mimi ningechagua buti zee la ngozi lenye soli iliyoshonwa kwa uzi, hata kama ngozi ina mikwaruzo, kwa sababu hilo fundi viatu anaweza kulifumua na kulitia soli nyingine. La povu lililooza hata gundi haipati pa kushika.

Kuhusu baridi nitasema machache, ila yashikwe. Usiku kileleni huweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri na kuzidi. Mwenye buti la kubana hudhani akivaa soksi mbili atapata joto. Anachopata ni kuizuia damu isifike vidoleni, na kidole kisichofikiwa na damu ndicho kinachoganda. Joto la mguu linatokana na nafasi: vidole viweze kuchezacheza ndani ya soksi moja nene.

Kamba nazo zina ufundi wake. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya juu ili kifundo kikunjike. Kabla ya kuteremka, kaa chini, gonga kisigino kirudi nyuma kabisa, na pale mguu unapopinda zisokote kamba mara mbili kabla ya kuendelea kupanda nazo, ili zilizokaza mgongo wa wayo zisilegee. Kata kucha siku mbili tatu kabla ya safari. Na buti likilowa usilisogeze karibu na jiko. Ngozi hupasuka na gundi huyeyuka. Lijaze magazeti makavu, hata hili ukishalisoma, uyabadilishe yakilowa.

Asiye na uwezo wa kununua asijitose na raba. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003, huwaazima pale Moshi mavazi ya mlimani bila malipo. Wapo pia waajiri wanaowakagua watu wao viatu kabla ya kuingia getini, na wapo wasiojali, ambao humtoza mgeni maelfu ya dola na kumpandisha mpagazi na viatu vya kuchezea mpira. Lakini hata buti la kuazima ni buti. Atakayekukabidhi akikuharakisha kwa sababu foleni ni ndefu, mwombe kwa adabu akusubiri uteremke ngazi mara mbili.