Kuhama kabla ya mkataba kwisha: njia nne na gharama zake

Siku niliyorudisha funguo za nyumba niliyokuwa nimepanga Bamburi, msimamizi wa jengo alipita chumba kwa chumba, daftari mkononi. Bafuni alifungua bomba. Likakoroma kidogo, kisha maji yakatoka. Shingo yake ilikuwa imeliwa na chumvi, ukoga mweupe umegandamana hadi chini. Akaandika: bomba, 2,500.

"Kaka, hili hutoa maji ya kisima," nikamwambia. "Chumvi ndiyo iliyolila, si mimi."

"Dada, mimi nimeambiwa niandike tu," akajibu, macho kwenye daftari.

Akaongeza rangi 9,000, kitasa 1,500 na usafi 3,000. Katika dipoziti ya shilingi 25,000 nikarudishiwa 9,000, tena baada ya kupiga simu miezi miwili na nusu. Sikuwa na picha hata moja ya siku niliyoingia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ile daftari lilikuwa la mwenye nyumba peke yake.

Kila mwezi watu huhama Mombasa, Nairobi na Kisumu kabla mkataba haujaisha: kazi imehamia kwingine, kodi imepanda, mtoto amezaliwa na chumba hakitoshi. Wengi hupoteza pesa ambazo hawakupaswa kupoteza, kwa sababu huchagua njia ya kutoka kabla ya kuipigia hesabu. Tuipige pamoja. Chukua nyumba ya kodi ya 25,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, dipoziti ya mwezi mmoja. Mpangaji amekaa miezi saba. Imesalia mitano, yaani kodi ya 125,000.

Njia ya kwanza: kutoa notisi

Fungua mkataba utafute kifungu cha kuuvunja. Mikataba mingi ya nyumba za kuishi huruhusu upande wowote kutoa notisi ya mwezi mmoja au miwili. Kama kifungu kipo, hii ndiyo njia rahisi kuliko zote: unakaa mwezi wa notisi, unalipa kodi yake, unaondoka na haki ya dipoziti yako. Ukilazimika kuhama mara moja, gharama yako ni kodi ya mwezi huo wa notisi, 25,000, na kodi ya miezi minne inayobaki haikuhusu tena.

Kama huna mkataba ulioandikwa na unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 57, inakuhesabu kuwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Notisi yako isipungue mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Hapo ndipo wengi huteleza. Kama kodi yako ni tarehe 5 na umetoa notisi tarehe 20 Machi, notisi hiyo haiishi tarehe 5 Aprili. Inaishia tarehe 5 Mei. Siku kumi na tano za kuchelewa zimekugharimu kodi ya mwezi mzima.

Mkataba wa mwaka usio na kifungu cha kuvunja ni jambo jingine. Mwenye nyumba anaweza kudai zile 125,000 zote. Usikimbie, nenda mzungumze. Una hoja ya kumpa: kanuni ya kawaida ya sheria za mikataba ni kwamba anayedai fidia hutarajiwa kujitahidi kupunguza hasara yake, asiache nyumba tupu huku akihesabu miezi. Mkikubaliana ulipe mwezi mmoja au miwili yaishe, yaandikwe na yatiwe saini.

Njia ya pili: kumleta mpangaji mwingine

Kwa mkataba usio na kifungu cha kuvunja, naiona hii kuwa bora kuliko zote. Mwenye nyumba hukasirika kwa sababu nyumba itakaa tupu. Ukimwondolea hofu hiyo, hana sababu ya kukudai mengi. Tuseme nyumba imekaa tupu majuma mawili kabla mgeni wako hajaingia: unalipa 12,500 badala ya 125,000.

Sharti ni moja. Mwenye nyumba amkubali mgeni huyo na aandikiane naye mkataba mpya, na wako ufutwe kwa maandishi. Ukimwingiza rafiki kimya kimya, jina lililo kwenye mkataba bado ni lako, na asipolipa atakayedaiwa ni wewe. Vilevile usikubali mgeni akulipe wewe dipoziti "mkabadilishana tu". Aliyepokea dipoziti yako ndiye anayepaswa kukurudishia.

Njia ya tatu: kukalia dipoziti

Hii ndiyo inayopendwa mitaani: mwezi wa mwisho hulipi, unasema dipoziti imalize. Naelewa kwa nini. Mtu aliyewahi kuzungushwa hataki kuzungushwa tena. Lakini mikataba mingi inakataza waziwazi dipoziti kugeuzwa kodi. Mwenye nyumba akiamua kukuhesabu kuwa mdaiwa, sheria inamruhusu kutumia dalali mwenye leseni kukamata vyombo vyako kwa deni la kodi, na gharama za dalali zinaongezwa juu yako. Umeokoa 25,000, umeweka friji na kochi rehani.

Njia hii ni salama kwa namna moja tu: mwenye nyumba akubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, nawe ulipe kando matengenezo mliyokubaliana.

Njia ya nne: kuondoka usiku

Umepoteza dipoziti ya 25,000, na deni la kodi bado linakufuata. Umepoteza pia haki ya kulalamika, kwa sababu aliyevunja mkataba sasa ni wewe. Sioni hali ambayo njia hii ni nafuu.

Vita vya dipoziti

Uingereza, tangu mwaka 2007, dipoziti nyingi za nyumba za kupanga lazima ziwekwe kwenye mpango maalumu wa kuzilinda, wenye utaratibu wa kuamua ugomvi. Kwetu Kenya dipoziti hukaa mfukoni mwa mwenye nyumba au ajenti wake. Kinga yako ni karatasi zako.

Tofautisha uharibifu na uchakavu. Kioo ulichovunja, mlango uliotobolewa, sinki lililopasuka: hayo ni yako. Bomba lililoliwa na maji ya chumvi, nondo za dirisha zilizoota kutu kwa upepo wa bahari, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa miaka mitatu: huo ni uchakavu wa nyumba, nao ni mzigo wa mwenyewe.

Rangi ina hesabu yake. Kama mkataba unasema utapaka rangi ukitoka, utapaka. Omba umtafute fundi mwenyewe, utumie rangi ileile, na utunze risiti. Mimi nilikatwa 9,000 kwa vyumba viwili bila kuonyeshwa risiti hata moja, wala sikuiomba. Wewe iombe.

Kumbuka pia nyongeza. Kodi ikipanda kutoka 22,000 hadi 25,000, wengi huambiwa waongeze 3,000 kwenye dipoziti. Weka ushahidi wa malipo yote mawili, pamoja na dipoziti ya maji na stima. Nyumba ikiuzwa au ajenti akibadilishwa, mwombe mpya akuandikie kwamba dipoziti yako anaitambua. Usingoje siku ya kuhama usikie, "Mimi sikupokea kitu."

Ukikataliwa kabisa

Anza na barua ya madai yenye kiasi, tarehe uliyohama na siku unazompa alipe, kwa mfano kumi na nne. Asipojibu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa pia ipo. Inasikiliza madai ya pesa hadi shilingi milioni moja, zikiwemo pesa zako zilizoshikwa na mtu mwingine. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi zina baraza lake chini ya sheria ya kudhibiti kodi. Na usidhani umechelewa: dai la mkataba lina miaka sita.

Uamuzi wangu ni huu. Kama mkataba una kifungu cha notisi, kifuate hadi siku ya mwisho. Kama hauna, mtafutie mwenye nyumba mpangaji. Kukalia dipoziti kuwe kwa maandishi tu, na kuondoka usiku kusiwepo kabisa.

Nyumba niliyohamia baadaye niliipiga picha arobaini siku ya kwanza, nikamtumia mwenyewe jioni ileile. Nilipotoka, nilikatwa rangi peke yake, kwa risiti. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipewa funguo mpya, usiingize hata kiti kabla hujapiga picha za mabomba.