Zawadi ya mama: soma jina la kanga kwanza

Qantab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na bahari, pembezoni mwa Muscat, mji mkuu wa Oman. Mkaazi wake anayekumbuka jioni ya tarehe 20 Machi kwamba kesho ni Siku ya Mama hana budi kupanda gari, kuuvuka mlima na kuelekea soko la Mutrah, ambalo huwa wazi hadi usiku.

Tarehe 21 Machi hufuatwa na nchi nyingi za Kiarabu. Mwandishi wa habari wa Misri, Mustafa Amin, ndiye aliyeipigania siku hiyo, na nchini mwake iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Kenya na Tanzania husubiri Jumapili ya pili ya mwezi Mei. Kwa hiyo, Mswahili aishiye Oman anaweza kuchelewa mara mbili kwa mwaka.

Familia nyingi za Oman zinazozungumza Kiswahili zilitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na nyingine zilirejea baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo. Kwa mama aliyezaliwa Unguja au Pemba, chupa ya manukato ya dukani ni zawadi ambayo yeyote angeweza kumpa. Doti ya kanga ni jambo jingine.

Lakini kanga husema. Maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, ambayo huitwa jina, ndiyo humfikia mpokeaji kabla ya rangi. Yapo majina ya heshima, kama lile maarufu la "Nani kama mama", na yapo mafumbo makali ambayo wake wenza na majirani wamekuwa wakirushiana kwa miaka mingi. Kijana aliyesoma kwa Kiarabu, na ambaye Kiswahili chake ni cha kuzungumza tu, huweza kuchagua kwa kuangalia maua. Mama ataifungua mbele ya wageni, na mkwe wake aliyeketi pembeni atadhani fumbo ni lake. Haraka ya dakika kumi inaweza kuzaa mnuno wa miezi. Asiyeelewa jina na amwombe mtu mzima amsomee na kumfafanulia, kabla ya kulipa.

Doti mpya, aghalabu, huuzwa ikiwa kipande kimoja, bila kukatwa wala kupindwa. Fundi wa cherehani huimaliza kwa muda mfupi, na mama akaweza kujifunga siku hiyohiyo. Hatua hiyo ndogo huficha uchelewaji kuliko karatasi yoyote ya kung'aa.

Ikiwa kanga haipatikani, iko halua ya Oman, yenye samli, zafarani, iliki na marashi ya mawaridi. Hudumu muda mrefu bila jokofu, na mama hupata cha kuwakirimu wageni wake, jambo ambalo wengi wao hulithamini kuliko kula wenyewe. Uko pia ubani wa Dhofar, ambao hauna mfano. Ule wa rangi ya kijani ndio huthaminiwa zaidi. Tahadhari moja tu: katika sehemu za pwani ya Tanzania, kutoa ubani ni kuwapa wafiwa mkono wa pole. Anayempelekea mama wa huko aufuatanishe na chetezo, ili maana isipotee njiani.

Kwa mwenye mama Mombasa au Tanga, fedha kwa simu hufika papo hapo, ingawa mara nyingi huishia kwenye karo ya mjukuu. Mazungumzo marefu hayagawanywi hivyo. Saa za Muscat zimetangulia zile za Afrika Mashariki kwa saa moja: anayekumbuka saa nne za usiku Qantab, kwao ni saa tatu tu, na huenda mama bado hajalala.